Mtoto wa Nani Aende?

Jioni ya leo nina mazungumzo hapa redioni juu ya barua. Ni barua ambazo walioziandika hawakukusudia mimi wala wewe tuzione. Nyingine zilipatikana kwa upekuzi, nyingine vitani, nyingine zilikutwa kwa mtu aliyekwisha kuuawa. Waandishi wake ni wakuu wa mtandao wa al-Qaida, pamoja na watu wao waliokaa huku kwetu Afrika Mashariki, wakaoa kwetu, wakasalimiana na majirani kwa Kiswahili.

Hotuba ya kiongozi hukuonyesha anavyopenda aonekane. Barua aliyomwandikia mwenzake kwa siri hukuonyesha anavyowaona watu walio chini yake. Kwa hiyo mimi ninapozisoma barua hizi natafuta jambo moja: humo ndani, mtoto wa nani anahifadhiwa, na mtoto wa nani anatumwa?

Tuanzie Nairobi, tarehe 21 Agosti 1997. Siku hiyo polisi wa Kenya, wakiwa pamoja na wapelelezi wa Marekani wa FBI, waliingia katika nyumba ya mtu mmoja aitwaye Wadih el-Hage. Alikuwa mzaliwa wa Lebanoni mwenye uraia wa Marekani. Huko nyuma alikuwa katibu wa Osama bin Laden mjini Khartoum, na kisha akahamia Nairobi, ambako alikuwa akiendesha shirika la hisani. Polisi waliondoka na kompyuta yake. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na barua ndefu ya Kiarabu, mwandishi wake akijiita Harun.

Harun huyo ndiye Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Moroni, Ngazija. Alikuwa akiishi katika nyumba ileile ya el-Hage kama msaidizi wake. Kiswahili alikimudu, na pwani yetu aliijua kijiji kwa kijiji. Baadaye dunia nzima ilimtafuta, Marekani ikaahidi mamilioni ya dola kwa atakayemfichua. Lakini katika barua ile ya 1997 huoni jitu la kutisha. Unamwona kijana mwenye hofu anayewaandikia wakubwa wake.

Anawaeleza kwamba kikundi cha Afrika Mashariki kiko hatarini, tena hatari kubwa. Amesikia kwamba mtu aliyeshika fedha za mtandao yuko mikononi mwa Wasaudi na huenda amesema kila kitu. Anahisi simu zinasikilizwa. Anasema mafaili yamekusanywa na kupelekwa mahali pengine. Kisha analeta lalamiko, kwa adabu nyingi, kama mtu anayemsemesha baba mkali. Jambo zito la kwamba Sheikh, yaani Bin Laden, ametangaza vita dhidi ya Marekani, wao waliokuwa Nairobi na Mombasa wamelipata katika vyombo vya habari, sawa na mtu mwingine yeyote. Mkubwa amewaingiza vitani, wao wakaisikia vita yao kwenye taarifa ya habari.

Na baada ya lalamiko hilo, angalia anachosema. Anasema wao wa Afrika Mashariki hawaombi kuijua mipango ya operesheni, kwa sababu wao ni watekelezaji tu, na wanauamini uongozi wao. Wanachoomba ni kuambiwa mwelekeo kwa jumla, wapate kujilinda.

Watekelezaji tu. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na kila mara inanichoma. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, mwenye akili ya kusema lugha nne au tano, anajivua mwenyewe haki ya kuuliza anapelekwa wapi. Hakuna aliyemlazimisha kuandika hivyo. Ndivyo alivyofunzwa, na ndivyo alivyokuja kuwafunza wengine.

Barua hiyo ilikuwa mikononi mwa wapelelezi karibu mwaka mzima kabla ya Ijumaa ile, tarehe 7 Agosti 1998. Inauma kulisema hili. Ilitaja waziwazi kwamba kuna kikundi Afrika Mashariki, na hata hivyo saa nne na nusu ya asubuhi ile ilipopita kidogo, Nairobi ililipuka, na dakika chache baadaye Dar es Salaam. Nairobi walikufa zaidi ya 200. Dar es Salaam walikufa 11, na majeruhi walikuwa 85. Wengi wa waliokufa Dar walikuwa Watanzania waliokuwa kazini: walinzi, madereva, vibarua. Pale getini, barabara ya Laibon, boza la maji lilikuwa limesimama, na lori lenye bomu likashindwa kuingia ndani. Waliokuwa na boza hilo walikufa. Hakufa Mmarekani hata mmoja pale.

Sasa mtazame mtekelezaji wa Dar es Salaam. Khalfan Khamis Mohamed alikuwa kijana wa Zanzibar. Habari zake zilisomwa mahakamani New York mwaka 2001, kutokana na maelezo aliyoyatoa mwenyewe baada ya kukamatwa Cape Town mwezi Oktoba 1999. Alisaidia kusaga baruti ile, alisaidia kupakia lori, na nyumba iliyotumika kutengenezea bomu, huko Ilala, alikuwa akikaa yeye. Lakini kwamba shabaha ni ubalozi wa Marekani, aliambiwa siku chache tu kabla. Osama bin Laden hakuwahi kukutana naye. Wakubwa wa kazi ile walikwisha kupanda ndege kuelekea Pakistani kabla mlipuko haujatokea. Yeye ndiye aliyeachwa nyuma kufuta alama katika nyumba, na kesho yake akashika njia ya Msumbiji mpaka Afrika Kusini, akapata kazi katika mgahawa. Leo anatumikia kifungo cha maisha Marekani, pamoja na el-Hage na wengine wawili waliohukumiwa naye.

Simtetei. Watu 11 walikufa kwa kazi ya mikono yake, na mahakama imeshasema neno lake. Ninachotaka ukione ni namna maisha ya kijana mmoja yalivyoikamilisha barua ya mwaka uliotangulia. Mkubwa anajua, anayemfuata anajua nusu, na anayesaga baruti anaambiwa mwishoni, wakati mguu wa kurudi nyuma umeshakuwa mzito.

Liko jambo jingine katika safari za watu hawa ambalo linatugusa Watanzania wote. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya ndugu zetu wakafa maji. Mmoja wa abiria waliozama alikuwa Abu Ubaidah al-Banshiri, Mmisri, kamanda wa kijeshi wa al-Qaida, aliyekuwa akizunguka kwetu kwa jina jingine na kwa sura ya mfanyabiashara. El-Hage na Fazul walikwenda mpaka Mwanza kutafuta uhakika wa kifo chake. Fikiria ufuko ule siku zile, mama zetu wakizunguka wakitafuta maiti za watoto wao, na katikati yao watu wawili wanaotafuta habari za mtu mmoja tu.

Barua nyingine zinatoka Somalia, miaka ya 1993 na 1994, wakati mtandao ulipopeleka wakufunzi wake huko kwa mara ya kwanza. Zilikamatwa vitani, na chuo cha kijeshi cha Marekani cha West Point kilizichapisha pamoja na uchambuzi wake mwaka 2007. Hizi sitakaa nazo sana. Zimejaa malalamiko: maradhi, njia mbovu, gharama zisizokwisha, na wenyeji ambao kwao ukoo ulikuwa mbele ya kila kitu na hawakutaka kuamrishwa na wageni. Wageni wale walidhani nchi isiyo na serikali ingekuwa mteremko kwao. Walikuta watu wenye wazee wao, wenye mila zao za kuamua mambo, na wakachoka.

Turuke sasa mpaka Pakistani, mji wa Abbottabad, usiku wa tarehe 2 Mei 2011. Askari wa Marekani walimuua Osama bin Laden ndani ya nyumba yake na wakachukua kompyuta na makaratasi mengi sana. Mwaka mmoja baadaye zikatolewa hadharani barua 17, na nyingine zikafuata katika miaka iliyokuja. Mwaka 2017 shirika la CIA lilitoa mafaili karibu laki 4 na elfu 70 kwa mkupuo.

Kati ya zile 17 iko moja ambayo kila Mswahili angepaswa kuijua. Bin Laden anamwandikia Mukhtar Abu Zubeyr, yaani Ahmed Abdi Godane, aliyekuwa kiongozi wa al-Shabaab nchini Somalia. Tarehe ya barua ni 7 Agosti 2010. Isikie tena tarehe hiyo: 7 Agosti. Miaka 12 kamili tangu Nairobi na Dar es Salaam. Ilikuwa pia haujatimia mwezi tangu al-Shabaab walipolipua Kampala, tarehe 11 Julai, watu wakiwa wameketi kutazama fainali ya Kombe la Dunia, wakafa zaidi ya 70.

Godane alikuwa ameomba kundi lake litangazwe rasmi kuwa sehemu ya al-Qaida. Bin Laden anamjibu kwamba umoja uwepo, ila usitangazwe. Ikiwa watu watauliza, waambiwe kwamba kuna udugu wa Kiislamu tu kati yao na si zaidi. Sababu anazozitoa ni kwamba tangazo litawaamsha maadui, na kwamba litawazuia wafanyabiashara wa Bara Arabu wenye moyo wa kusaidia Wasomali, kwa maana umaskini kule ni mkubwa mno. Unaona? Kijana wa Somalia, au wa Majengo Nairobi, au wa kwetu Tanzania aliyevuka mpaka kwenda kupigana, alikuwa akipigania uongozi ambao wakubwa wake walikubaliana kumficha. Ukweli ulikuwa katika barua. Kwake yeye lilibaki jibu la kuwajibu watu.

Na katika barua nyingine za kipindi hicho, Bin Laden anaonekana akihangaika na mambo ambayo usingeyatarajia. Anataka ndugu wa Somalia waonywe juu ya ukame na mafuriko, hasa wale wanaoishi kandokando ya mito na mabondeni. Wasikilizaji wa Kilosa, ambao mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 2010 waliona Mkondoa ukiingia majumbani, wanaelewa maonyo hayo yana maana gani. Tena anaogopa kwamba Waislamu wa kawaida wanaouawa sokoni na misikitini na makundi yanayotumia jina lake wanamharibia, mpaka anafikiria kulibadili jina la al-Qaida.

Mtu anaweza kuyasoma hayo akasema, kumbe mzee alikuwa na huruma. Mimi naiweka barua hiyo kando ya yaliyotendeka. Februari 2010 al-Shabaab walikuwa wamekwisha kulipiga marufuku Shirika la Mpango wa Chakula Duniani katika maeneo yao. Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa kusini mwa Somalia. Novemba mwaka huo, watoto wakiendelea kufa, al-Shabaab walifunga ofisi za mashirika mengine 16. Kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012 walikufa watu wanaokadiriwa kuwa 258,000, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Na wakati ukame ukiwa vilevile, biashara ya mkaa uliokatwa katika misitu ya Somalia ilikuwa ikiwaingizia fedha, mpaka Baraza la Usalama likaipiga marufuku Februari 2012. Sisi wa milima ya Uluguru, hapa Morogoro, hatuhitaji mtu wa kutufundisha mkaa unafanya nini kwenye vyanzo vya maji.

Hofu ya Bin Laden juu ya Waislamu wanaouawa, ukiisoma vizuri, ni hofu ya jina. Ni ya mtu anayepoteza watu wa kumuunga mkono. Nimezipekua barua hizo kwa macho ya Mtanzania nikitaka kuona sentensi moja ya kuwataja walinzi na vibarua wa Dar es Salaam, au makarani wa Nairobi, kama watu waliokuwa na wenyewe. Sikuiona. Tarehe 7 Agosti ilimpita akiwa na kalamu mkononi.

Sasa tuje kwa watoto. Mwana mmoja wa Bin Laden, Hamza, alikuwa amezuiliwa Iran kwa miaka pamoja na mama yake, kisha wakaachiwa. Baba anaandika barua baada ya barua juu ya namna ya kumfikisha mahali salama. Katika mojawapo anashauri Hamza apelekwe Qatar, nchi tulivu, akasome elimu ya dini. Kwa mkewe anaandika juu ya jino alilozibiwa Iran, akihofu huenda daktari ameweka humo kifaa kidogo cha kumfuatilia. Fedha za fidia zilizolipwa kwa ajili ya mateka zinapoingia, anaagiza begi lililobeba fedha hizo litupwe, isije ikawa lina kifaa kama hicho. Kila kitu kinapimwa, kinafikiriwa mara mbili, kwa sababu walio hatarini ni wa nyumbani kwake.

Haki inanitaka niseme upande wa pili. Mwanawe Khalid aliuawa pamoja naye usiku ule wa Abbottabad. Saad aliuawa kabla yake. Hamza mwenyewe hakuishia kwenye masomo: alikuja kuwa msemaji wa mtandao, na mwaka 2019 Marekani ilitangaza kwamba ameuawa. Kwa hiyo sisemi kwamba familia ile haikulipa. Nasema kwamba mtoto wake alijadiliwa, aliandikiwa barua, alitafutiwa njia na nchi ya kukimbilia. Mtoto wa watu wengine aliletewa ramani ya lori lilikopaswa kwenda.

Na kabla hatujaendelea, neno la tahadhari. Barua hizi zimetolewa na waliozikamata. Kati ya maelfu, zilichaguliwa 17 za kwanza, na anayechagua ana yake moyoni. Serikali ya Marekani ilitaka dunia imwone Bin Laden mzee aliyezidiwa, anayelalamika, asiyesikilizwa na makamanda wake. Tafsiri nazo zina makosa. Ndiyo maana mimi hushika yale yanayokubaliana kutoka pande mbalimbali: barua, ushahidi wa mahakamani, na yale yaliyotokea mitaani kwetu. Yakikubaliana yote matatu, hapo naweza kulisema jambo redioni.

Fazul mwenyewe alikufa vipi? Usiku wa kuamkia tarehe 8 Juni 2011, gari alilopanda lilipotea njia Mogadishu likaingia kwenye kizuizi cha askari wa serikali. Alipigwa risasi pale pale. Alikuwa na pasipoti ya Afrika Kusini yenye jina si lake, fedha taslimu maelfu ya dola, na nyaraka zenye mipango ya mashambulizi mpaka London. Yule kijana wa 1997 aliyeandika kwamba hawataki kujua alikuwa sasa ndiye mwenye kupanga, na wengine wakawa watekelezaji chini yake. Godane naye, miaka miwili baadaye, aliwageukia wenzake. Ibrahim al-Afghani, mmoja wa waasisi wa al-Shabaab, alilalamika juu yake kwa barua ya wazi Aprili 2013. Mwezi Juni alikuwa ameuawa, huko Barawa, kwa mikono ya watu wa Godane. Hilo ndilo jibu alilolipata aliyeandika.

Hapo ndipo nataka turudi nyumbani, hapa Morogoro, kwa sababu mji huu una barua yake.

Mwaka 1969 ofisi kuu ya chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ANC, ilikuwa hapa. Vijana wake wa jeshi la Umkhonto we Sizwe walikuwa wametumwa mwaka 1967 kupigana Wankie, Rhodesia, wapate kupenya mpaka kwao. Wengi waliuawa, wengine wakafungwa Botswana. Mmoja wa waliofungwa Botswana na kuachiwa ni Chris Hani. Aliporudi Zambia akakuta mambo yaliyomkera. Yeye na wenzake sita wakakaa, wakaandika waraka mkali kwa viongozi wao. Walisema uongozi umejitenga na mapambano, umezoea magari na starehe za uhamishoni. Walisema waliokufa Wankie hawajaenziwa hata kwa hafla moja ya kumbukumbu. Na walisema jambo ambalo leo nimelileta kwa makusudi: kwamba karibu watoto wote wa kiume wa viongozi wanapelekwa vyuo vikuu vya Ulaya, wakiandaliwa kuja kutawala, wakati watoto wa wengine wanatumwa vitani.

Swali lilelile. Mtoto wa nani aende?

Sitaki mtu aseme nimewaweka ANC na al-Qaida kapu moja. Hapana. Hawa walipigania nchi yao dhidi ya utawala uliowanyima utu, na Tanzania ilisimama nao, na mimi najivunia hilo mpaka leo. Ninachokilinganisha ni barua tu, na yaliyompata aliyeiandika. Viongozi wa ANC nao walikasirika. Hani na wenzake walipelekwa mbele ya baraza la nidhamu, wakasimamishwa uanachama, na wapo waliotaka adhabu kali kuliko hiyo. Lakini Oliver Tambo hakuuzika waraka ule. Uliitishwa mkutano, hapa Morogoro, kuanzia tarehe 25 Aprili mpaka tarehe 1 Mei 1969, wajumbe zaidi ya 70. Viongozi walisemwa mbele ya macho yao. Tambo mwenyewe alitaka kujiuzulu, wajumbe wakamrudisha. Uongozi ulipangwa upya na mkakati wa vita ukaandikwa upya. Hani na wenzake wakarudishiwa uanachama. Yule kijana mkaidi wa waraka akaja kuwa mnadhimu mkuu wa jeshi lile, na alipouawa mwezi Aprili 1993 alikuwa kipenzi cha vijana wa nchi nzima.

Uluguru nayo ina kumbukumbu ya watu kuwasemesha wakubwa ana kwa ana. Julai 1955 wazee wetu walikusanyika Matombo kukataa amri ya wakoloni ya kuchimba matuta, mchana kweupe, wakiwa na majina yao na sura zao. Walipigwa risasi. Lakini matuta yaliachwa.

Sasa nimeona niseme na wazazi, na zaidi niseme na wajomba. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti juu yake. Kijana hakuondoka kwenda kuoa, kulima mbali au kutafuta kazi bila mtu wa ukoo kujua. Watu wa mitandao hii wanaijua nguvu hiyo, ndiyo maana jambo la kwanza wanalomfundisha kijana ni kutomwambia mtu nyumbani. Ombi lao la siri limejaa katika barua zao: jina libadilishwe, safari isitajwe.

Kwa hiyo mjomba, kijana wako akikujia na habari za safari ya masomo ya dini au kazi nzuri katika nchi ya mbali, usimfokee. Dini ni haki yake, na msikiti si adui. Masheikh wetu wengi wamekuwa wa kwanza kuwakanya vijana juu ya watu hawa. Mkalishe. Muulize anayemtuma ni nani, na huyo anayemtuma ana watoto wangapi, na wako wapi. Muulize kama ameruhusiwa kukuambia wewe. Kijana akishindwa kujibu hilo la mwisho, mjomba, hiyo safari isianze kabla ukoo haujakaa.

Ninalo ombi moja zaidi, na hili nalipeleka Mazimbu. Pale palipokuwa shule ya ANC, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na Mzumbe nako wako wasomi. Barua hizi ziko wazi kwa Kiarabu na Kiingereza. Wanaotajwa humo na waliouawa kwa ajili yake ni watu wa lugha yetu. Zitafsiriwe kwa Kiswahili kizuri, pamoja na waraka wa Hani, na zisomwe kidato cha tano na cha sita, mwalimu akiwepo wa kujibu maswali. Kazi ianze na ile ya Nairobi ya 1997, na pale Fazul anaposema wao ni watekelezaji tu, wanafunzi waachiwe muda wa kutosha wa kubishana naye.